Mstari Niliouruka

Nyumbani kwetu Sala ya Bwana tuliisali kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Mama alilelewa Mkatoliki. Alipoolewa alimfuata baba kwenye kanisa lake la Kiprotestanti, akajifunza nyimbo zake, akazizoea ibada zake ndefu, lakini sala aliyofundishwa utotoni hakuibadilisha. Basi jioni tukikaa kusali, sauti zilianza kuachana mapema: sisi tuliomba ufalme "uje," mama akaomba "ufike." Halafu tukafika pale. Baba na sisi watoto tulisema "mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni," mama akasema "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni." Maneno yake ni machache, kwa hiyo alitangulia kumaliza, akatungoja, kisha tukaingia wote kwenye "utupe leo," sisi tukiomba riziki, yeye mkate.

Sikuwahi kuufikiria mstari ule mpaka niliposhindwa kuutamka.

Baba alianguka asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Kiharusi. Kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio unaobeba lugha, na ndio huohuo unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Baba aliumia upande huo, akapoteza vyote kwa pamoja. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, aliyesoma Neno kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, hakuweza tena kusema "maji." Alijua anachokitaka, ulikiona machoni mwake. Neno ndilo halikuja, au lilikuja lingine kabisa, naye akilisikia likitoka alijua kwamba silo, akafumba macho.

Wiki ya tatu mama alianza kusali kando ya kitanda, na baba akasali naye. Sala nzima, toka "Baba yetu" hadi "amina," bila kukwama. Tulilia. Daktari baadaye alitueleza kwa upole kwamba hali hiyo inajulikana: mambo yaliyorudiwa kwa miaka, kama sala, nyimbo, kuhesabu, majina ya siku za wiki, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kujitungia yanapopotea. Sala ilikuwa imezama mahali ambapo kiharusi hakikufika. Kwangu bado ni neema, hata baada ya kuelezwa.

Hivyo kila jioni baba, asiyeweza kuomba maji, alisema wazi kabisa "mapenzi yako yatimizwe." Na mimi mwenye ulimi mzima niliuruka mstari huo. Nilinyamaza pale, nikawasubiri kwenye riziki. Nilifanya hivyo kwa miezi saba.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu ninachokitaka: baba arudi kama alivyokuwa. Nilihisi nikiutamka mstari ule nitakuwa nimeachia, kama mtu anayetia sahihi karatasi ambayo hajaisoma. Na wageni waliokuja kutupa pole walizidisha. Karibu kila mmoja alisema "kazi ya Mungu haina makosa," kisha akanyamaza, akaangalia pembeni. Najua walitupenda. Lakini maneno yale yalifunga mlango palepale nilipotaka kuongea, maana ukishajibiwa kwamba hakuna makosa, machozi yako unayapeleka wapi?

Tena makosa yalikuwepo. Baba alikuwa na shinikizo la damu, na shinikizo la damu ndilo linaloongoza katika kuleta kiharusi. Alikuwa ameacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri. Mimi nilijua. Niliiona chupa haipungui, nikasema nitaongea naye mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukapita. Mtu aliponiambia ni mapenzi ya Mungu, moyoni nilijibu: hapana, hili ni la kwetu, usimbebeshe Mungu. Mpaka leo naamini nilikuwa sahihi kwa sehemu hiyo. Tuna tabia ya kuyaita mapenzi ya Mungu mambo ambayo ni uzembe wetu, au uzembe wa mwenye madaraka, au ukatili wa mtu dhidi ya mwenzake. Mwanamke anapigwa nyumbani kwake, anaambiwa abebe msalaba. Msalaba gani huo? Yesu alisema anayetaka kumfuata ajitwike msalaba wake mwenyewe. Hakusema mwenye nguvu amtwike mnyonge, kisha amsomee maandiko juu yake. Kunyenyekea mbele za Mungu anakujua anayenyenyekea. Siku kunapotoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, kumeshageuka kuwa kitu kingine, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona watu waliovunjwa nacho.

Nilirudi Gethsemane, kwenye habari za bustani aliyosalia Yesu usiku wa kukamatwa kwake, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Jina hilo maana yake ni shinikizo la kukamulia mafuta ya zeituni, na nilipolisoma nililiwaza shinikizo la damu la baba kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kuhubiriwa kwamba bustanini Yesu alituonyesha utii. Ni kweli, lakini tunafika kwenye utii haraka mno. Mathayo anaanza na kitu kingine: "akaanza kuhuzunika na kusononeka." Yesu anawaambia rafiki zake watatu, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Anaomba asiachwe peke yake. Kisha anaanguka kifudifudi na kusema anachokitaka: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Hakuanza kwa kusema yuko tayari, wala hakujifanya hana haja. Alitaja haja yake kwanza, kwa uwazi ambao mimi niliuona aibu kuutumia, halafu ndipo akasema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe."

Nitakavyo. Nililisoma neno hilo mara nyingi bila kuliona. Ana atakavyo. Usiku ule, katika bustani ile, Mwana ana jambo analolitaka ambalo si kile kikombe.

Na ukisoma polepole utaona sala ya pili si sawa na ya kwanza. Ya kwanza inasema "ikiwezekana." Ya pili inasema "ikiwa haiwezekani kikombe hiki kiniepuke nisipokinywa, mapenzi yako yatimizwe." Kati ya sala hizo mbili hakuna jibu lililoandikwa na Mathayo. Kuna safari tu ya kurudi kwa rafiki na kuwakuta wamelala. Lakini kitu kimesogea. Na maneno anayofikia mara ya pili ni yaleyale aliyowafundisha wanafunzi mlimani, neno kwa neno, katika Kigiriki cha Mathayo kama ilivyo katika Kiswahili chetu. Mwenye kuufundisha mstari ule aliufikia mwenyewe akiwa kifudifudi, katika zamu ya pili ya kuomba, akairudia zamu ya tatu. Nilipoligundua hilo sikujisikia tena kuwa mwasi kwa miezi yangu saba. Nilijisikia niko bado kwenye zamu ya kwanza.

Wale watatu waliolala, Luka anasema walilala "kwa huzuni." Yeyote aliyemuuguza mtu anaujua usingizi huo. Na katika kuwaamsha Yesu anasema maneno ambayo tumeyageuza kuwa karipio: "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Mimi siku hizi nayasikia kama utetezi. Anawatambua kabla hawajajitambua. Petro ameapa kufa naye, na kweli anataka. Roho yake i radhi kabisa. Mwili ndio hauna nguvu.

Kuna mmonaki mmoja aliyeishi katika karne ya 7 ambaye alitoa maisha yake kwa ajili ya neno "nitakavyo." Aliitwa Maximus, na Kanisa linamwita Muungamadini. Wakati wake watawala wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Kirumi ya mashariki, walitaka amani kati ya makundi ya Wakristo yaliyogawanyika, na njia waliyoipendelea ilikuwa kusema kwamba ndani ya Kristo kuna utashi mmoja tu, ule wa Kimungu. Mwaka 648 kaisari akapiga marufuku watu kulijadili jambo hilo kabisa. Maximus alikataa kunyamaza. Alisema kama Kristo hana utashi wa kibinadamu, basi ile sala ya Gethsemane ni maigizo, na kitu chetu kilichoumia zaidi, yaani kutaka kwetu, kimeachwa nje ya wokovu. Askofu Gregori wa Nazianzo alikuwa ameshaandika karne ya 4 kwamba kisichotwaliwa na Kristo hakiponywi. Kwa Maximus, kuogopa kifo kule bustanini hakukuwa dhambi. Ni kiumbe kupenda uhai, kama kilivyoumbwa. Na utashi huohuo ulioogopa ndio uliokubali. Haukufutwa wala haukumezwa.

Mwaka 662, akiwa mzee aliyevuka miaka 80, alihukumiwa. Walimkata ulimi asiseme tena, na mkono wa kulia asiandike tena. Akapelekwa uhamishoni Lazika, katika nchi ambayo leo ni Georgia, akafa tarehe 13 Agosti mwaka huohuo. Miaka 19 baadaye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ulitamka kwamba Kristo ana utashi wa Kimungu na utashi wa kibinadamu, kama alivyosema yeye.

Ulimi na mkono wa kulia. Nilisoma hayo usiku, baba amelala kitanda cha pili, mkono wake wa kulia umekunjwa kifuani kama kitu kisicho chake. Nilizima taa. Sikutaka kuendelea kusoma.

Sasa lazima niseme la kwangu, maana ningekuwa mwongo kuandika juu ya udhaifu wa Petro bila kutaja wangu. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha baba. Mwanzoni niliona ni heshima. Baada ya miezi ikawa ni kazi, na baada ya kazi ikawa ni kitu ambacho nilikiogopa tangu alasiri. Siku moja alilisukuma beseni kwa mkono wa kushoto, maji yakamwagika sakafuni na kwenye shuka niliyokuwa nimetoka kuibadilisha. Nilimpigia kelele. Nilimpigia kelele baba yangu, mtu aliye uchi, asiyeweza kunijibu. Aliniangalia tu. Mama alisimama mlangoni na taulo, hakusema neno, akaanza kukausha sakafu.

Kwa Warumi Paulo anaandika, "lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Nilikuwa nikiusoma mstari huo kama unazungumzia vishawishi, mambo ya siri ya vijana. Haukuwahi kunijia kama mstari wa mtu anayempenda baba yake na ameshika dodoki. Nilikuwa najiona mwenye imani ndogo kwa kuwa sikuweza kusema mstari mmoja wa sala. Beseni lilinionyesha kwamba tatizo langu lilikuwa kubwa kuliko mstari: hata lile nililolitaka kwa moyo wote sikuliweza.

Hapo ndipo nilipomwelewa Augustino, yule askofu wa kale wa Afrika Kaskazini. Alimwomba Mungu kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: toa unachoamuru, kisha amuru utakacho. Pelagius, mwalimu wa dini wa wakati wake, aliposikia sala hiyo ikisomwa Roma alikasirika. Aliona inawapa watu kisingizio. Kwake yeye, Mungu akiamuru, mtu anaweza, ajitahidi tu. Ugomvi ule ulikuwa mrefu, na mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago waliyakataa mafundisho ya Pelagius. Zamani ningekuwa upande wake, na bado naheshimu hofu yake juu ya uvivu. Lakini mtu aliyewahi kusimama katikati ya maji yaliyomwagika, akijua amemdhalilisha baba yake, haombi nguvu za kuongezea alizo nazo. Anaomba apewe hata kule kutaka. Hata ule "ndiyo" wa kumjibu Mungu niliuomba kwake, kwa sababu kwangu haukuwepo.

Na Mungu anapomjibu mtu aliyeishiwa, Maandiko yanaonyesha jambo ambalo sisi wahubiri wa kando ya kitanda tunalisahau. Eliya anakaa chini ya mti jangwani, anasema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Malaika hamsomei somo. Anamgusa na kumwambia ainuke, ale. Pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, anajinyosha tena, na malaika anamwacha alale. Anaporudi mara ya pili anasema, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kubwa mno kwako. Mbinguni wanalijua hilo. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, siku ile ya beseni aliingia jioni na chakula cha watu watatu, akakaa na baba hadi nikalala saa nne mfululizo. Hakutaja mapenzi ya Mungu hata kidogo.

Paulo naye aliomba mara tatu, kama Yesu, mwiba utoke mwilini mwake. Hakutuambia mwiba huo ulikuwa nini, na nashukuru, maana kila mgonjwa anapata nafasi. Jibu alilopewa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu," tunalipenda sana kulibandika ukutani. Tusisahau kwamba lilikuja kwa mtu aliyeomba kitu kingine mara tatu. Waraka kwa Waebrania unakwenda mbali zaidi, na ndio mstari mgumu kuliko yote kwangu: unasema Yesu alimtolea yule awezaye kumwokoa na mauti "maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi, akasikilizwa." Akasikilizwa. Na kesho yake akasulubiwa. Nimeugeuza mstari huo huku na huku. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa mwandishi yule kusikilizwa na kupewa si kitu kimoja, na kwamba hakuona haja ya kuyaficha machozi ya Bwana ili kuulinda utii wake.

Kuna mwenye ukoma katika sura ya kwanza ya Marko ambaye nampenda kuliko wote. Anapiga magoti, anasema, "Ukitaka, waweza kunitakasa." Hiyo ndiyo Sala ya Bwana ya mtu mwenye haraka. Ndani yake mna haja yake yote na kunyenyekea kwake kote, na havigombani. Na Yesu anamgusa na kumjibu, "Nataka, takasika." Katika Injili sioni mgonjwa hata mmoja aliyekuja kwake akaambiwa arudi nyumbani, ugonjwa huo ni mapenzi ya Mungu. Hilo limenisaidia nisimwogope Mungu anayetaka. Na Kiswahili kimenisaidia pia. Sidai kwamba watafsiri walikusudia, lakini walipotafuta neno la kile Mungu anachokitaka walituwekea "mapenzi," na sikio letu haliwezi kulisikia bila kusikia kupenda ndani yake.

Baada ya ufufuo Petro anaambiwa na Bwana kwamba alipokuwa kijana alikuwa akijifunga mwenyewe na kwenda atakako, "lakini utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Yohana anaeleza kwamba ni habari ya kifo atakachokufa Petro. Mimi nilimsomea baba sura hiyo siku moja nikiwa namvalisha shati, bila kuichagua. Tulikuwa tumeifikia tu. Nilipofika "mwingine atakufunga" nilikuwa kwenye kifungo cha tatu. Baba alicheka. Kicheko kifupi, cha upande mmoja wa uso, lakini kilikuwa chake. Kisha akaunyosha ule mkono wa kushoto nimalizie.

Nilimwomba msamaha siku ile kwa ajili ya beseni. Ilikuwa imepita miezi miwili. Alinishika kichwani.

Jioni yake tulikaa kusali watatu. Kabla hatujaanza nilisema ninachokitaka, kwa sauti, mbele yao, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilisema: Mungu, nataka apone. Nataka aseme jina langu. Nataka mama apumzike. Sikuongeza maneno ya kulipunguza. Mama akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," na baba akamfuata. Ufalme ukaja, ukafika. Pale kwenye mstari ule nilikuta mdomo wangu umechukua wa mama, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusema nataka, nataka, nataka. Nikasema utakalo lifanyike. Kwa hiyo mimi na mama tulimaliza mapema, tukamngoja baba peke yake, sauti yake ikivuta polepole, hapa duniani kama huko mbinguni, hadi alipofika.

Jina langu hajalisema. Tuliingia kwenye "utupe leo," yeye akiomba riziki, sisi wawili mkate.